Mpishi Tuliyemkata Kwenye Filamu

Siku yangu ya kwanza kazini Bukoba, Mkuu wa Sinema alinionyesha mashine iliyofunguliwa vipandevipande, akaniuliza nani ameiharibu. Nilisema sijui. "Hakuna aliyeiharibu," akasema. "Nilitaka kuona kama utamsingizia mtu." Nikajua nimefika kwenye ofisi ya watu wenye kushuku. Mimi mwenyewe nilizaliwa Kibeta, katika nyumba ambayo mgeni akiaga mama anahesabu vijiko, kwa hiyo sikupata shida ya kuzoea.

Ninyi mnaotazama picha kwenye simu hamtaijua kazi yetu. Tulikuwa na Landrova, jenereta, mashine ya kuonyeshea na kitambaa cheupe cha kutundika kati ya nguzo mbili. Filamu ilikuja katika mikanda iliyoviringishwa, na mkanda ulishikwa pembeni tu, kwa sababu alama ya kidole ikionyeshwa kwenye kitambaa huwa kubwa kama ng'ombe. Ukikatika, au ukiamriwa kuukata, ulitumia wembe, ukakwangua ncha zote mbili, ukaziunga kwa gundi. Kiungo kizuri kilipita mbele ya taa bila mtazamaji kushtuka. Viungo vyangu havikumshtua mtu.

Mwaka mmoja, enzi za vijiji vya ujamaa, tuliletewa filamu ya Wakurdi, watu wa milimani huko mbali ambao hawana nchi yao wenyewe. Iliambatana na karatasi ya maelezo, nayo niliisoma kwa mashaka. Ilikuwa filamu ya jinai, tena ya kimaskini. Gari la polisi lilikuwa moja, ila likipita mara ya pili namba zake zilikuwa zimebadilishwa kwa chokaa. Hakimu wa mwanzoni ndiye alikuwa mwosha maiti wa mwishoni, amenyoa ndevu tu. Lakini kisa kilinishika. Kilitoka katika hadithi yao ya kale ya mfalme aliyeotwa na nyoka wawili mabegani, nyoka wanaolishwa ubongo wa vijana wawili kila siku. Kwenye filamu mfalme amekuwa bosi wa magendo. Vijana wa mji wanapotea, na mhunzi mmoja aliyebakiwa na mtoto wa mwisho anaanza kuwatafuta.

Bosi huyo ana mpishi. Kila siku mpishi analetewa vijana wawili wa kuchinja. Mmoja anamfungulia mlango wa nyuma akimbilie milimani, na badala yake anachinja kondoo; wa pili anachinjwa. Mji mzima unamtemea mate, naye hasemi neno.

Mkuu wa Sinema aliikagua ofisini, mapazia yamefungwa. "Huyo mpishi mtoe," akasema.

"Kila anapotokea, mzee? Ndiye anayenogesha."

"Kila anapotokea. Mtumishi anamdanganya mkubwa wake, halafu anaonekana mtu mwema? Unataka wapishi wa mkoa mzima wajifunze?"

Nikachukua wembe.

Tulikwenda Muleba, kwenye kijiji kilicho juu ya ziwa. Huko alikuwepo mhunzi wa majembe, Ta Kagaruki, yaani Mzee Kagaruki kwa Kihaya. Msimu uliotangulia, Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amechagua vijana wa kwenda kufungua shamba jipya katika pori la mbali, lori likawachukua, na tangu hapo wazazi hawakusikia kitu. Habari zilizovuja ni kwamba pori lile lina mbung'o na watu wanakufa kwa malale. Mugisha, mtoto wa pekee wa Ta Kagaruki, alipanda lori lile. Mwenyekiti akiulizwa alisema kazi inaendelea. Mimi sikumwamini hata kidogo. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza nyayo.

Jioni tukatundika kitambaa. Mwenzangu aliyeshika kipaza sauti alieleza kila picha kwa Kihaya: vijana wanapotea, mhunzi analia, bosi anakula vizuri. Wakubwa wawili wa wilaya walikaa mbele kwenye viti. Mhunzi wa filamu alipoinua nyundo, mhunzi wa kijiji akasimama, kivuli chake kikafunika kitambaa.

"Mwenyekiti," akasema, "wangu yuko wapi?"

"Kaa chini, Ta Kagaruki. Hiyo ni sinema."

"Nakuuliza waitu, kwa heshima. Yuko wapi?"

Mkewe alishamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni tunazochemsha na majani na kuzikausha. Mgeni hukaribishwa nazo. Lakini wazee wa huko walizitumia pia kama kiapo: ukizipokea mkononi mwa mtu aliyekuuliza jambo, lazima umwambie kweli. Ta Kagaruki akamnyooshea Mwenyekiti kikapu mbele ya kijiji kizima.

"Pokea, useme."

Mwenyekiti alikitazama, akawatazama wakubwa, akaweka mikono nyuma. "Siwezi kupokea."

Mama Mugisha akaanguka chini akilia kilio cha msiba. Wanawake wakamwitikia. Mkuu wa Sinema, aliyekuwa amekuja nasi, akaninong'oneza nizime jenereta. Nilimchukia Mwenyekiti yule kwa moyo wangu wote, na njia nzima kurudi Bukoba nilisema tumeonyesha filamu mbele ya nyoka mwenyewe. Tangu siku ile hakuna aliyeitikia salamu ya Mwenyekiti.

Miaka ikapita, mambo ya vijiji yakalegea, Mwenyekiti akaachia cheo. Katika safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilipita kwa Ta Kagaruki kununua jembe. Mivukuto ilikuwa inavutwa na mwanamume mwenye mikono ya mvuvi. Mwenyekiti wa zamani alikuwa ameketi kwenye kigoda.

Mwanamume huyo ndiye Mugisha, na nikaelezwa kwamba hakufika porini. Usiku wa kwanza lori lilipolala njiani, Mwenyekiti aliyelisindikiza alifungua turubai la nyuma na kushusha nusu ya vijana, akawavusha kwenda visiwani. Kisiwa cha Mugisha kilikuwa kile kile kinachoonekana kutoka kwenye kiwanda cha baba yake.

"Ungeninong'oneza tu," Ta Kagaruki alikuwa anamwambia.

"Wakubwa walikuwa wananishuku, wakaja kutazama nyuso zenu. Mngejua, mngelia vile?"

Ta Kagaruki akaingia ndani, akatoka na kikapu. Mwenyekiti akapokea kwa mikono miwili, akatafuna, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Sasa nimestaafu, niko Buhembe na migomba yangu, bado nahesabu vijiko. Kile kipande cha mpishi sikukitupa. Nilikiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwaka jana nilimpelekea Mwenyekiti, ambaye haoni vizuri siku hizi. Nilimweleza filamu nzima kama ilivyokuwa kabla ya wembe wangu, akainua mkanda kwenye mwanga wa dirisha akitafuta yule mpishi na vijana wake wawili.

"Huyu wa kwanza anatoka mlango wa nyuma," akasema.

"Ndiyo."

"Na huyu wa pili, aliitwa nani?"

Nikamwambia filamu haikutaja. Akauteremsha mkanda, akauweka mapajani. Halafu akaanza kuwataja wa kwake, wale aliowaacha ndani ya lori, jina la kila mmoja na jina la baba yake.