Mpira Uliomponyoka Philemon

Philemon Ouko alizaliwa Nyeri kwa sababu serikali ilimhamishia babake huko. Baba alikuwa koplo wa polisi kutoka Nyanza, na mama, Mwalimu Selpha, alifundisha shule ya msingi. Koplo alipofariki, watu wa kwao walimngoja Selpha arudi na mizigo. Badala yake akanunua kipande cha shamba Endarasha, akapanda viazi, akasema baridi ya huku imeshamzoea.

Philemon alisoma sekondari upande wa Wamagana, na huko alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono. Siku moja mwalimu Mjapani wa kujitolea, aliyekuja kufundisha sayansi, alimwona akirusha mpira kutoka nusu ya uwanja hadi wavuni. Akaenda nyumbani kwake mbio, akarudi na mpira mdogo mweupe wenye mshono mwekundu.

"Rusha huu," akasema.

Mpira ulipita juu ya paa la maabara ukaangukia shamba la majani chai la jirani. Waliutafuta hadi kengele ya jioni ikalia. Hivyo ndivyo besiboli ilivyoingia maishani mwa Philemon, na ndivyo alivyofika, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katika mji mmoja mdogo wa Japani wenye mashamba ya machungwa na timu ya kulipwa isiyojulikana sana.

Kazi yake huko ilikuwa ya ajabu kidogo. Mrushaji wa kwanza huanza mchezo na kurusha mpaka mkono uchoke. Philemon alikuwa mrushaji wa kuokoa, yule anayekaa kwenye banda pembeni karibu mchezo wote, kisha simu inalia, anaambiwa ingia, na anaikuta timu motoni. Akiuzima moto, hakuna anayemkumbuka sana. Akishindwa, uwanja mzima unamkumbuka yeye peke yake. Philemon aliipenda kazi hiyo. Kocha Moriyama, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alimwita Mlima, kwa ajili ya Mlima Kenya wa kwao.

Msimu wa tatu, kidole cha kati kilianza kufa ganzi. Kwa mrushaji, kidole hicho ndicho cha mwisho kuuaga mpira, ndicho kinachouambia uende wapi. Kwanza ilikuwa asubuhi za baridi tu. Baadaye hata jua likiwaka, ncha ya kidole ilikuwa baridi kama ya maiti. Daktari wa timu alipouliza, Philemon alisema yuko sawa. Mrushaji wa kuokoa akienda kutibiwa, mwingine hukaa kwenye kile kiti chake bandani, na si lazima akiachie tena.

Jioni ile simu ililia. Mpigaji aliyekuwa akimngoja na gongo mkononi aliitwa Hayato, kijana wa timu ya mji wa pili, mpole nje ya uwanja, mkali akiwa ndani. Philemon alikipuliza kidole, akakisugua kwenye suruali. Kutoka kwenye benchi, Moriyama akatoa ishara: mrushie karibu na mwili, umrudishe nyuma. Ni amri ya kawaida. Philemon akarusha, na mpira ulipotoka hakuuhisi kabisa. Ulipanda. Ukampata Hayato kwenye jicho la kushoto.

Jicho halikupona.

Hospitalini, mamake Hayato alimwinamia Philemon mpaka kiunoni, akamwomba radhi kwa usumbufu. Philemon angependelea apigwe kofi. Magazeti ya mji yalisema ni ajali, ila yakauliza kwa nini kocha aliamuru mpira wa karibu vile. Moriyama hakujitetea. Alipiga magoti mbele ya wazazi wa Hayato, akasema amri ilikuwa yake, kisha akaacha kazi aliyoifanya tangu ujana. Philemon alisimama nyuma yake amevaa suti ya kuazima, kidole kikiwa mfukoni, mdomo umefungwa.

Akamaliza msimu. Akarudi Kenya.

Endarasha walimpokea kama bingwa. Alioa, akafungua duka la mbegu na dawa za mifugo pamoja na mkewe, Wangechi, na shule ya jirani ikamwomba afundishe watoto kurusha. Alikataa. Wakarudi kumwomba, akakataa tena, akisingizia bega. Mteja akimsifu, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Wangechi alidhani ni unyenyekevu. Selpha hakudhani hivyo.

"Wewe ulirudi mwili tu," alimwambia mwanawe siku moja wakichagua mbegu za viazi. "Wewe mwenyewe uliachwa huko."

"Mama, niko hapa."

"Haya. Kaa hapo, basi."

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, simu yake ilipata ujumbe kutoka kwa Hayato. Alikuwa anakuja kupanda Mlima Kenya. Je, wangeweza kuonana?

Philemon aliusoma ujumbe huo dukani akiwa na mfuko wa mbolea begani, akasahau kuutua. Kumkatalia hangeweza. Alimngoja Nanyuki siku ambayo yeye na wapandaji wenzake walishuka. Hayato alitokea amebabuka pua kwa jua, anachechemea, anacheka. Jicho la kushoto lilikuwa la bandia, zuri sana, lisilocheka pamoja na lile jingine.

Huko Endarasha, Selpha alikuwa amechinja kuku. Alimwongelesha mgeni Kiswahili kwa sauti ya juu, kama vile tatizo lilikuwa masikio. "Kula, baba! Umekonda! Huko mlimani mnakula nini, mawe?" Hayato hakuelewa neno, akala.

Baada ya chakula, wanaume wawili walitoka wakasimama kando ya shamba. Philemon alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Nanyuki, kwa Kijapani chake kilichoota kutu. Kabla hajaanza, Hayato akasema, "Siku ile ulikuwa unakipuliza kidole."

Philemon akakificha kidole kile mfukoni.

"Nilikuona. Nikasema moyoni, mkono wa huyu leo umekufa, mpira wake utakuwa mwepesi. Nikasogea mbele. Mdakaji wenu, aliyechuchumaa nyuma yangu, aliniambia nirudi nyuma. Sikurudi. Nilitaka kuupiga utoke uwanjani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimelala pale, kila mtu ananiomba msamaha. Ilikuwa tamu." Akageuza uso ili jicho lake zima limwone Philemon. "Na wewe?"

"Kidole kilikuwa kimekufa wiki nyingi. Nilijua. Niliogopa kupoteza kiti."

Hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Upepo wa mchana ulipita juu ya viazi. Hatimaye Philemon akauliza swali ambalo wote wawili walikuwa wakilizunguka. "Moriyama yuko wapi?"

"Anachuma machungwa kwa shemeji yake. Hajakanyaga uwanja tena."

Tulijua wawili, Philemon aliwaza, akaadhibiwa wa tatu.

Hayato alikuwa na namba. Walipiga palepale, wameweka sauti nje. Mzee aliitika kwa ile sauti ya kukwaruza. Philemon akajitaja, akaeleza: kidole, daktari, uongo. Hayato akaongeza lake.

"Nilipiga magoti," Moriyama akasema. "Mke wangu aliniona nikipiga magoti. Na nyinyi wawili mlikuwa mnajua."

Simu ikakatika. Walipopiga tena, haikushikwa.

Hayato aliondoka kesho yake. Philemon alimweleza mkewe na mamake yote. Selpha alishika tama. Wangechi ndiye aliyesema.

"Ati miaka hii yote nimelala na hiyo kitu katikati yetu?"

"Pole."

"Usiniambie mimi pole. Huyo mzee ndiye uko na deni yake."

Philemon alirekodi maneno yake kwa simu, akayatuma kwa timu yake ya zamani, jina lake likiwa wazi, akasema wamsikilizishe yeyote. Hayato naye alikwenda huko mwenyewe. Mwenyekiti wa timu alimtembelea Moriyama kumwomba arudi. Mzee alisema magoti yake hayafai tena kwa kukaa benchini, akampa kikapu cha machungwa, akamuaga.

Kila Jumapili baada ya kanisa Philemon humpigia. Kwa miezi mingi simu iliita bure. Mvua za masika zilipoanza, ikashikwa. Moriyama aliongea juu ya wadudu wanaotoboa machungwa, na Philemon, kwa kuwa huuza dawa hizo, akamshauri. Kisha mzee akauliza kama kidole kimewahi kutibiwa. Philemon akasema hapana. Mzee akamkaripia vikali, kama zamani, akaagiza aende hospitali wiki hiyohiyo.

Alikwenda. Ilikuwa mshipa wa damu uliobanwa. Sasa huongea karibu kila Jumapili. Moriyama hajasema kwamba amesamehe, na Philemon hajathubutu kuuliza.