Filimbi Katika Duka la Mzee Karanja

Naona haya kuwasimulia, ila chekeni tu, kicheko chenu hakitakuwa cha kwanza, maana wenzenu wa Eldoret walinicheka mbele ya msichana niliyetaka kumwoa, na mbele ya baba yake.

Nilipanga chumba nyuma ya duka la Mzee Karanja, aliyehamia kutoka Kiambu na kuuza ng'ombe wake wote apate hisa katika kampuni ya kununua mashamba. Binti yake, Wanjiku, nilimpenda (Mzee alijua, akanyamaza kama mkulima anayengoja kuona mbegu itaota nini). Jumamosi ile redio ingetangaza wanachama wakutane wapi kuokota karata za kugawana vipande vya shamba la mzungu aliyehama, upande wa Kaptagat, na atakayechelewa angeachiwa kipande kilichokataliwa na wenzake.

Watu walijaa dukani kusikiliza redio ya Mzee. Mimi nilibaki chumbani na yangu, niliyoiunda kwa mikono yangu, ya valvu moja, ya kusikilizia masikioni, kwa sababu Mzee aliwahi kuisikiliza akasema, "Hii yako inanong'ona kama mgonjwa." Siku hiyo nilitaka niwahi kusikia kuliko wote, kisha nitoke nje nimpe habari.

Sauti ya mtangazaji haisafiri peke yake. Hubebwa na wimbi, wimbi likinenepa na kukonda kuifuata, na redio hulikamata wimbi hilo, ikalitupa, ikabaki na sauti. Yangu ilirudisha nyuma sehemu ya ilichokamata ili ikikuze tena, na kulikuwa na kidude cha kuzungusha cha kupimia kiasi. Ukizidisha, redio huanza kulia yenyewe, na waya wake wa juu ya paa hurusha wimbi lake hewani, likagongana na la stesheni, na kila redio ya jirani ikapiga filimbi. Kitabu kilinionya. Nilizidisha.

Filimbi ikanijaa masikioni na, nje, ikajaa dukani. Mimi, badala ya kuzima, nikatoka mbio.

"Mzee, redio yako imechoka," nikasema, sauti kubwa, Wanjiku asikie. "Nitaifungua."

"Fungua basi, injinia," akasema Kiprono, jirani yetu mkulima. "Tangazo halitungoji."

Nikafungua mgongo wa redio, nikapapasa nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote, nikamtuma Wanjiku aniletee bisibisi mezani kwangu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Aliponyoosha mkono karibu na redio yangu, filimbi ya dukani ikapanda kama ndege anayeruka, alipouondoa, ikashuka.

Kiprono akainua kichwa. "Wanjiku, hebu rudisha mkono."

"Mkono gani?"

"Hapo ulipokuwa."

Ikapanda. Ikashuka. Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha duka zima, na Wanjiku, maskini, akarudia mara ya tatu kabla hajaelewa alichokuwa akiwaonyesha. Akauficha mkono ndani ya leso.

Nilikimbia nikang'oa waya wa betri. Redio ya Mzee ikatoa sauti safi kama maji ya msituni: "...na asiyefika kwa wakati asilaumu mtu. Sasa ni muziki."

Walipopata habari kwa watu wengine na kufika shambani, karata zilikuwa zimeokotwa. Mzee Karanja alibakiziwa bonde la maji, ambamo hata mahindi yalioza yakiwa machanga. Hakunigombeza. Jioni alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi, akaniuliza, "Kijana, ulitaka kusikia, au ulitaka kusikika?"

Wanjiku aliolewa na mwenye shamba la juu, penye udongo mwekundu. Mimi redio ninayo mpaka leo, ya kununua, ya kawaida, na ikinong'ona nainamisha kichwa niisogelee. Kidude cha kuikuza sikigusi. Sikio langu liliwahi kutaka kusikia kuliko masikio yote, likageuka mdomo, na mdomo ule ulimlia Mzee shamba.