Breki wa Chumba cha Kufulia

Wifi yangu ni bingwa wa taifa wa mita elfu moja mia tano, na hapa kazini bado tunamwita Breki. Jina hilo alilipata kwa jasho lake, na heri nilieleze mimi kabla hajaja mwenyewe kulieleza kwa kujipendelea.

Sisi ni madobi wa hospitali. Chumba chetu kiko nyuma kabisa, baada ya jiko, na kina mashine kubwa za kukaushia shuka. Mashine ikimaliza kazi inapiga kengele, na hapo sheria ni moja: acha ulichoshika, mikono chini, simama mbali mpaka mvuke utoke. Aliyewahi kuguswa na mvuke ule hangoji kukumbushwa. Ukifanya kazi humo miaka, kengele haiulizi tena akili yako. Mwili unasimama wenyewe.

Wifi aliolewa na kaka yangu, fundi viatu, akiwa tayari mkimbiaji wa mita mia nne, raundi moja ya uwanja na kwisha. Alikuwa na mbio, si mchezo. Kisha akateleza humu humu kwenye maji ya sabuni, amekumbatia mzigo wa shuka mbichi, mguu ukavunjika. Daktari alimtia chuma, akamwambia, "Utatembea vizuri tu, dada."

"Kutembea nilijua tangu mdogo," wifi akamjibu.

Ilichukua muda mrefu, na sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kuna asubuhi alishuka ngazi za nyumbani kwa makalio, amekaza meno. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo, kaka akamwongezea soli kiatu cha kulia. Aliporudi uwanjani kasi ya zamani ilikuwa imemtoroka, ila pumzi ilibaki. Kocha akamhamishia kwenye mbio ndefu zaidi, akamwambia bila kumung'unya maneno: klabu ina nafasi moja tu, na msimu ukiisha hajaleta medali, nafasi hiyo inakwenda kwa wasichana wadogo.

Tukaenda kumtazama kwenye shindano lake la kwanza la mbio hizo. Alikuwa anaongoza, na mimi sauti ilishanikauka kwa kumshangilia. Walipoingia raundi ya mwisho, mwamuzi akapiga kengele, kama inavyofanywa kwenye mbio za raundi nyingi.

Wifi akasimama.

Alisimama kabisa, mikono chini, akingoja mvuke. Kwenye mita mia nne hakuna kengele, na uwanja wetu wa mazoezi hauna hata filimbi ya maana, kwa hiyo hakuwahi kujaribiwa. Wenzake wakampita kulia na kushoto. Alipozinduka, walikuwa mbali, akamaliza wa pili kutoka mwisho.

"Umeumia wapi?" kocha alimuuliza, uso umemshuka.

"Sijaumia. Kengele imelia."

Kocha hakuelewa kitu. Mimi nilielewa, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikamtazama vizuri. Alikuwa analia.

Yalibaki mashindano ya taifa peke yake. Jumatatu tukakaa kikao juu ya marundo ya shuka.

"Tuing'oe hiyo kengele," nikasema.

"Ili uungue uso, Pasi?" akauliza Mama Sabuni, msimamizi wetu. Pasi ndiye mimi, kwa sababu ya kazi yangu na, wanasema, kwa sababu ya ulimi wangu. "Sheria inasema ukae mbali na mashine. Haijasema mbali kiasi gani."

Tangu hapo, kengele ikilia, wifi alitakiwa atoke mlango wa nyuma, akimbie mpaka geti kuu na kurudi. Akifika, mvuke umeshatoka na shuka zinamngoja. Mwanzoni miguu iligoma, ikabidi tumsukume mgongoni. "Toka wewe, Breki," tulimwambia, na jina likaganda. Mlinzi wa getini naye alimkamata siku ya kwanza, akidhani ameiba shuka. Lakini baada ya muda wagonjwa waliokuwa wakiota jua uani walikuwa wakimpigia makofi, na wifi alikuwa anatoka mlango wa nyuma kengele bado inalia.

Siku ya mashindano ya taifa tulijaa jukwaani na aproni zetu. Alikuwa wa nne, na nilijua hakuna msimu mwingine. Kengele ikalia. Sisi madobi wote tukanyamaza ghafla, mikono ikashuka yenyewe, tukasimama tuli.

Yeye akaondoka. Aliwapita wawili kabla ya kona, na yule aliyekuwa akiongoza, wifi alimpita mbele yetu, huku kaka yangu akilia bila aibu na mimi nikimkanya huku nalia zaidi yake.

Jumatatu medali ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa aproni. Mashine ikapiga kengele. Bingwa alikuwa amekaa juu ya rundo la shuka na kikombe chake cha chai, wala hakutikisika.

"Wifi, kengele," nikamwambia.

"Nimeisikia. Leo kimbieni nyinyi."

Tukakimbia. Mama Sabuni alitangulia na ndala zake, na mlinzi akatufungulia geti.