Ukuta Uliosimamisha Jeneza la Baba

Siku tuliyomzika baba yangu naikumbuka kwa ukuta kuliko ninavyoikumbuka kwa machozi. Nisamehe, mwanangu, kama hilo linakusikitisha. Hata mimi linanisikitisha. Lakini kesho unakwenda kukaa mbele ya watu wa Mbwawa, wewe na wenzako wa kamati ya urasimishaji, na nasikia mambo huko yameshachafuka, watu wanatishia kung'oa bikoni, yale mawe ya mipaka, kabla mpima hajamaliza kazi yake. Basi kaa kidogo. Simu iweke mfukoni, nikusimulie.

Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, nakaa kwa baba, Kongowe hii yetu ya Kibaha. Mashamba ya mihogo na mikorosho yalikuwa yanageuka viwanja mbele ya macho yetu. Wapimaji walikuja, wakapima, wakapanda bikoni zao, na mkutano wa kupitisha mchoro ukaitishwa. Nilikuwepo. Tulibishana mpaka koo zikakauka, na ubishi wote ulikuwa nani kapunjwa na nani kapendelewa. Wanawake hawakuja kwa sababu hakuna aliyewaambia waje. Wapangaji hawakuja. Walionunua viwanja karibuni hawakuja. Na hakuna aliyetaja njia ya makaburini. Tungeitajia nini? Tulizaliwa tukaikuta, inakatiza katikati ya mashamba, na kila mtu aliijua. Mchoro ukapita, tukapiga makofi, tukaenda zetu kula.

Baba aliaga dunia alfajiri moja ya masika. Mchana tukamsalia, tukaliinua jeneza mabegani, tukaanza safari. Unajua tunavyobeba: watu wanapokezana, huyu anatoka, yule anaingia, na jeneza halisimami mpaka kaburini. Wingu lilikuwa limefunga, jeusi kabisa, na waliochimba kaburi walishatuma mtu kwa baiskeli, kupitia barabara kuu, kutuambia tufanye haraka, kaburi lisije likajaa maji.

Tulipopita nyumba ya mwisho ya wenyeji tukakuta njia imekwisha. Mbele yetu ulisimama ukuta wa matofali ya saruji, mpya, haujapigwa hata lipu, na geti la bati limefungwa. Upande mmoja palikuwa na nyumba ya watu, upande mwingine korongo lenye utelezi. Mwenye ukuta alikuwa Mwalimu Shirima, mtu wa Moshi, hana muda mrefu tangu ahamie. Alikuwa amejenga juu ya bikoni zake, hakuzidisha hata unyayo.

Tungeweza kurudi tukazungukia barabara kuu. Lakini kumrudisha marehemu alikotoka, mwanangu, nani alikuwa tayari kulibeba neno hilo? Jeneza likasimama. Tahlili ikakatika. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Vunja!" Mwingine akaitikia, "Vunja, tunangoja nini?" Rafiki yangu Athumani alikimbilia kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa jirani, akarudi na nyundo kubwa ya mafundi. Nikampokonya. Aliyekufa ni baba yangu, nikaona haki ya kuvunja ni yangu.

Ndani mtoto akaanza kulia. Kisha tukamsikia Mwalimu, sauti inatetemeka, sijui kwa hasira au kwa woga: "Nina hati ya hapa! Atakayeugusa huo ukuta nitamkata!"

Umati ukavuma. Nakwambia ukweli, siku ile tulikuwa tumebakiza neno moja tu damu imwagike juu ya maiti ya baba.

Aliyelisema neno lingine alikuwa baba yangu mdogo, Mzee Kibwana, aliyekuja kutoka Kisarawe kumzika kaka yake. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa kurudia maneno. Hakutoa bega lake chini ya jeneza. Alisema hapo hapo alipo:

"Salumu, weka nyundo chini."

"Baba mdogo, huyu mtu kamzibia baba njia."

"Weka chini, nimesema. Umewahi kupiga hodi hapa?"

Nikaiweka chini.

"Nakuuliza wewe, na hawa wenzako wanaopiga kelele. Tangu mtu huyu ahamie, nani kaja kumwambia kwamba hapa ndipo tunapopita na maiti zetu? Nani? Sasa mlitaka aoteshwe usingizini? Mkutano mlikwenda, mkagombea mipaka yenu kama kuku na mtama. Njia ya kaka yangu mkaisahau. Leo mnaikumbuka na nyundo!"

Maneno yale yaliniingia mpaka leo hayajatoka. Alimpisha mtu chini ya jeneza, akaenda getini mwenyewe, akagonga kwa kiganja, polepole.

"Hodi, Mwalimu. Naitwa Kibwana, mdogo wake marehemu. Tuna maiti hapa. Tunaomba njia."

Geti halikufunguka. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya shuka ya kijani iliyofunika jeneza. Wabebaji walikuwa wanapokezana wamesimama pale pale, hakuna anayemtazama mwenzake. Mzee Kibwana akagonga tena, akarudia maneno yale yale, na hakuongeza ukali wala unyenyekevu.

Komeo likalia. Mwalimu akatokeza, panga mkononi, mkewe nyuma yake kambeba mtoto. Alitutazama sisi, kisha akaliona jeneza. Uso wake ukabadilika. Panga akaliegemeza ukutani, akavua kofia.

"Sikujua kuna msiba, mzee wangu. Wallahi hakuna aliyeniambia kama hapa ni njia." Mchaga wa watu, akaapa kwa kiapo chetu. "Piteni. Karibuni mpite."

Tukaingia uani. Na huko nyuma, mwanangu, hapakuwa na mlango. Ukuta ulikuwa umezunguka mzima. Nilihisi hasira inanipanda upya, na nikaona wenzangu nao wanaanza kunong'onezana. Mwalimu aliutazama ukuta wake, ambao nilikuja kujua baadaye kwamba aliujenga kwa mshahara wa kuungaunga. Akanigeukia.

"Kijana, ile nyundo iko wapi?"

Nikaenda kuiokota nje, nikampa. Akapiga yeye wa kwanza. Saruji ilikuwa bado changa, matofali yakaachia, nasi wengine tukayaondoa kwa mikono. Pengo lilipotosha tukapita, mvua imeshika kasi, na Mwalimu akaja akaniambia nimpishe, akaingiza bega chini ya jeneza la mtu ambaye hakuwahi hata kusalimiana naye. Nililia hapo. Mpaka hapo nilikuwa sijalia.

Baada ya arobaini, Mzee Kibwana alitukokota mimi na Mwalimu mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaomba mchoro ufunguliwe upya. Ofisa wa mipango miji aliyekuja alikuwa dada mmoja msikivu. Alisema waziwazi, "Nilichora mlichoniambia. Sasa nitembezeni." Tukamtembeza. Tulichukua jeneza tupu la msikitini, tukalibeba kupita mtaa mzima, na kila mahali wabebaji waliposhindwa kupishana tulisimama, tukawaita wenye viwanja vya pande zote mbili, tukazungumza mpaka wakaachia kipande. Kwingine ilichukua mchana kutwa na matusi juu. Sisi wenyewe tulipoteza mikorosho ya ubavuni, na nilinung'unika, usidhani nilikuwa malaika. Mama yangu, ambaye mkutano wa kwanza hakuitwa, aliuliza swali moja tu: "Njia mmetupa. Tukifiwa, sisi wanawake tutatandika wapi mikeka?" Kwa swali hilo tukapata uwanja katikati ya mtaa, na jioni watoto wanauchezea mpaka leo.

Sasa sikia ninachokuagiza. Kesho usipeleke mchoro uliokwisha kamilika, unaosubiri makofi tu. Ukiona wamejaa wanaume wenye viwanja peke yao, ujue mkutano haujaanza. Subiri. Nenda kawaite wanawake kwa saa ambayo hawako jikoni. Waite wapangaji, kwani nao wanaishi pale. Mgeni aliyehamia mwezi uliopita mpigie hodi mapema, kabla hajanunua tofali, umwambie mnapita wapi na mnakaa wapi, naye umuulize anataka nini. Wakitukana, waache watukane. Mtu anayetukana mkutanoni bado anataka kukaa na nyinyi. Wakimaliza, waambie wainuke muitembee ardhi kwa miguu. Na yale ambayo kila mtu anayajua, hayo ndiyo uyaulize kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapana na ulimi wenye subira. Akujaalie majirani wanaokufungulia hata wakiwa wamekukasirikia. Na siku yako itakapofika, huko mbali mbele, nami sitakuwepo kuiona, ubebwe na watu wanaolijua jina lako, wala wasigeuke njiani. Amina.