Nafasi Moja, Benchi la Mwisho

Tangazo. Waamini wote, pamoja na mliojikuta kwenye ukurasa huu kwa kuteleza kidole, mnajulishwa kwamba kanisani kwetu Mbinga imepatikana nafasi moja ya kukaa. Ni benchi la mwisho, mkono wa kushoto, pale pembeni kabisa karibu na mlango. Ilikuwa haikaliwi tangu benchi lile liletwe.

Aliyekuwa akiizuia amefariki.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nne na kuifuta mara tatu. Kichwa kimekubali, kidole bado.

Dada Editruda. Tulikuwa wahudumu wa mlangoni, wale wa utepe wa kijani begani, tunaopokea watu na kuwapanga kwenye mabenchi. Yeye mlango wa kushoto, mimi wa kulia. Kazi ya kujitolea, maana yake haina likizo wala kustaafu.

Tulizungumza kwa vidole, kutoka mlango hadi mlango. Vidole viwili juu: nina nafasi mbili. Ngumi: nimejaa, usiniletee mtu. Akishika sikio, ujue mahubiri leo ni marefu, tafuta ukuta.

Alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay aliyeolewa huku juu kwenye baridi. Mwezi wa saba alivaa soksi mbili mbili na kutulaumu sisi Wamatengo kana kwamba baridi tunailima. Alisema kwao ziwa limelala na watu wamesimama. Kwetu ardhi imesimama, ndiyo maana watu wamelala.

Akienda kwao kusalimia, alirudi na usipa, wale dagaa wa Nyasa, amenifungia kwenye gazeti na kuwaficha nyuma ya mlango wangu. Siku moja padre alikatisha mahubiri, akavuta pumzi, akauliza kama leo tunaadhimisha muujiza wa samaki. Editruda akageuka kunitazama kwa masikitiko. Kanisa zima likafuata macho yake.

Sasa lile benchi. Nalijua vizuri, nililitengeneza mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda hadi Mpepai, na kila jumuiya iliombwa kuleta benchi moja. Useremala nilijifunza kwa kuangalia wenzangu. Misumari, ambayo zamani tuliiomba kwa kibali, ilikuwa imejaa madukani, nami niliipigilia kama mtu aliyetoka kwenye njaa.

Padre alilitangaza benchi, nikapigiwa makofi. Nikasimama, bila kuombwa, nikasema fundi mwingine asije akaligusa. Baada ya misa Editruda alinishika mkono mlangoni. "Limekaa vizuri, kaka yangu," akasema.

Jumapili iliyofuata aliweka kitabu chake cha nyimbo pale pembeni, na kitenge juu yake. Aliyetaka kukaa aliambiwa kuna mtu. Ikawa hivyo kila Jumapili, hata Pasaka, hata watu wakiwa wamesimama hadi nje kwenye maua.

Wapo waliosema anamwekea marehemu mume wake. Wapo waliosema mengine: yeye mjane, mimi mgane, walishatuozesha kwenye midomo yao na pilau wakala.

Mimi nilikuwa na jibu langu, sikumwambia mtu. Sisi wahudumu hatukai, tunasimama misa nzima. Nilidhani ananiwekea mimi, kwa ajili ya siku miguu itakapochoka.

Mwaka jana goti langu la kushoto lilichoka. Nikangoja watu waishe, nikajikaza.

"Dada, pale pembeni unamwekea nani?"

Alikunja kitenge chake taratibu, kona kwa kona. "Pale hapakufai, kaka. Wewe simama tu."

Nikasimama tu. Nilirudi nyumbani nikala kiporo changu, na Jumapili iliyofuata tukapeana vidole kama kawaida. Sikuuliza tena.

Mwezi uliopita alishuka Mbamba Bay kumuuguza dada yake. Dada yake amepona.

Nilikwenda kuzika. Kanisa la kule ziwani lilikuwa limejaa, na mlangoni alisimama mhudumu, dada mmoja mwenye utepe kama wangu. Alinipa shikamoo, akauliza kwa adabu, "Baba, wewe ni nani wa marehemu, nijue nikuweke wapi?"

Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyewauliza watu swali hilo. Sikuwahi kujua ni gumu namna ile.

"Mlango wa kulia," nikamjibu.

Aliniweka nje, chini ya turubai, pamoja na madereva.

Jumapili hii nimerudi zamuni. Kanisa lilipoanza kujaa mkono ulijiinua wenyewe, vidole viwili. Dada mpya wa mlango wa kushoto alidhani namsalimia. Akanipungia.

Nilishusha mkono. Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nivae utepe: nikauacha mlango wangu, nikapita nyuma hadi kushoto. Kitabu chake kilikuwa bado pale, hakuna aliyethubutu kukigusa. Nikakiinua, nikakaa.

Dada Editruda, umesimama vya kutosha, sasa kaa. Na kama huko nako wamekuvisha utepe, usinizuilie nafasi, nitasimama. Lala salama, dada yangu. Ngumi.

Kwa mnaouliza kwenye komenti kama ile nafasi sasa iko wazi: isubiri. Kuna msumari umechomoza nusu kidole. Umetoboa kitabu chake kuanzia jalada la nyuma hadi nyimbo za Kwaresima, na suruali yangu ya misa imechanika.

Msumari ni wangu.