Ujuzi Namba Thelathini na Saba

Mama yangu mdogo, Sista Lutfa, ana meno mawili ya bandia mbele. Ya asili aling'olewa kwa ngumi na kaka wa marehemu mmoja. Miaka ishirini na mbili yuko wodi ya dharura ya hospitali ya mji wetu, na ukimuuliza alijifunzia wapi kuongea na wafiwa, anayagonga meno yale kwa ukucha. "Hapa."

Mwaka jana barua ilitoka mji mkuu, Dhaka. Alikuwa amechaguliwa kwenye jopo la wataalamu ishirini na wanne wa kuamua mwanafunzi wa unesi ajue nini kabla ya kuachiwa wagonjwa. Nilidhani watakaa mezani wabishane. Wapi! Kila mtu anajibu kwake na hakuna anayemjua mwenzake, ili profesa asimtishe nesi wa wilayani. Kila ujuzi unapewa alama, moja hadi tisa. Wakifika watu kumi na wanane walioupa saba au zaidi, utafundishwa. Wasipofika, unarudishwa mara moja tu, pamoja na sababu za waliokataa. Ukikwama tena, basi, unafutwa.

Namba thelathini na saba: kuwapa ndugu habari ya kifo na kutoka salama. Mama mdogo akaandika mbili.

"Mbili, mama mdogo? Wewe?"

"Hicho hakifundishiki. Kipigo ndicho mwalimu. Mimi nani alinifundisha?" Na kwenye nafasi ya sababu akaandika hivyo hivyo.

Wiki ile ile, Alhamisi mchana, nilikwenda wodini kutolewa nyuzi za goti. Wakamleta kijana aliyegongwa na lori la matofali, nyuma yake wanaume kama arobaini wa kijiji chake. Alikuwa amekata roho njiani. Daktari alipouona ule umati, akatorokea mlango wa nyuma. Mama mdogo alikuwa chumba cha pili, amebana mshipa wa mtoto anayevuja damu. Akabaki Tumpa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye sauti ya kifaranga.

Tumpa akasimama katikati ya mlango, mkasi mfukoni, mtandio kauzungusha shingoni mara mbili. Akawaambia wote kwa pamoja, "Poleni. Ameshafariki."

"We mtoto, unasema nini?"

"Daktari yuko wapi?"

"Kala kona! Wamemuua!"

Wa kwanza alidaka mtandio. Ukakaza, Tumpa akanyanyuka, vidole vya miguu vikitafuta sakafu. Vioo vya kabati vikamwagika. Stendi ya dripu ikapita juu ya kichwa changu, ikampasua paji mzee wa kitanda cha jirani ambaye hakumkosea mtu. Mwingine akachomoa mkasi mfukoni mwa Tumpa mwenyewe. Tumpa akainua mkono kukinga uso, mkasi ukaingilia kiganjani ukatokea upande wa pili. Alilia mara moja tu, kwa sababu pumzi hakuwa nayo.

Mama mdogo akatoka, damu ya mtoto hadi viwikoni. Akala ngumi ya mgongo, akapita. Akamwendea mzee mmoja mwenye ndevu za hina.

"Mjomba, ni mwanao? Njoo ukae. Njoo umshike kabla hajapoa."

Mzee akaangua kilio. Kilio kile ndicho kilicholegeza mikono ya wengine.

Jioni Tumpa, mkono ukiwa umefungwa, alimuuliza, "Sista, nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Hukufundishwa."

"Nani alitakiwa anifundishe?"



Baada ya siku chache karatasi zikarudi. Namba thelathini na saba: watu kumi na saba. Amepungua mmoja. Chini yake sababu za waliokataa, bila majina. Mama mdogo akasoma kwa sauti: "'Kipigo ndicho mwalimu.' Mpumbavu gani kaandika hivi?"

"Wewe, mama mdogo."

"Najua!"

Akaifuta mbili, akaandika tisa, na kalamu ikatoboa karatasi. Sababu: Mtandio ubanwe kwa pini moja, usizungushwe. Mkasi uache mezani. Usisemee mlangoni. Mchague mzee mmoja, mkalishe. Jua mlango wa pili uko wapi. Haya niliyajua nikayanyamazia, na msichana ametobolewa mkono.

Wakafika kumi na tisa. Mmoja ni yeye. Huyo mwingine hatutamjua kamwe.

Sasa kila Jumamosi mama mdogo anafundisha ukumbini, wanafunzi wakijifanya wafiwa. Juzi nilipewa mimi kuwa kaka wa marehemu. Nesi alikuwa Tumpa, ambaye vidole vyake viwili havikunjiki tena.

"Vuta!" mama mdogo akanifokea. "Unaanika nguo? Kakako kafa, vuta!"

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Pini ikaachia, nikaanguka kitako na mtandio mkononi. Nilipoinua kichwa, Tumpa alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pili.

"Tena," alisema mama mdogo. "Sasa wawe kumi."