Hasira za Mama Mkubwa na Seli Zake

Mama mkubwa wangu analea seli. Wenzake wanafuga kuku. Yeye anafuga vitu ambavyo bila hadubini huvioni, na kila asubuhi anavibadilishia maji yao yenye rangi ya waridi huku akivisalimu. "Mmeamkaje, wanangu?" Maabara nzima imeshamzoea.

Kazi yao pale ni kupima dawa mpya inavyoua seli za uvimbe. Kuua tu hakutoshi, lazima ijulikane zimekufaje. Alinieleza siku moja akimenya vitunguu, ndiyo maana nikaelewa. Seli inayokufa kwa utaratibu hujikunja, hufunga virago vyake, na majirani humeza mabaki kimyakimya. Inayokufa kwa kupasuka humwaga kila kitu. Hata zile protini zinazokaa ndani kabisa kwenye kiini, zikishikilia nyuzi za urithi, hujikuta nje. Zikiwa ndani ni watunza nyumba. Zikitoka ni wapiga yowe: majirani hudhani wamevamiwa, wanavimba, mwili unawaka moto. Basi wao hupima maji ya kwenye chupa. Protini za kiini zikikutwa humo, kuna waliopasuka.

Sasa mama mkubwa mwenyewe ni mtu ambaye la ndani halikai ndani. Wakwe watarajiwa wa dada yangu walipokuja kujitambulisha, mama yangu alikuwa ameketi kwa heshima zake zote, mgeni mmoja akamsogezea sahani ya karanga. Mama mkubwa akadakia, "Msimpe mwenzenu! Meno yenyewe ya kuvua hayo!" Wageni walicheka. Mama hakucheka, na tangu siku hiyo hakumfumbulia dada yake mdomo. Naye mama mkubwa, badala ya kuomba radhi, akanuna. Eti mkubwa amwombe radhi mdogo, dunia imepinduka? Ulimi hauna mfupa, lakini shingo yake inao, tena mgumu.

Hapo ndipo chupa zilipoanza vituko. Kuna chupa zisizotiwa dawa kabisa, huwekwa kando kwa ajili ya kulinganisha. Hizo nazo zikakutwa zimejaa protini za kiini. Seli hazijaguswa na sumu, zinapasuka! Wakabadilisha maji, wakakagua kabati la joto, wapi. Mwishowe Daktari, mkuu wao, akavuta kiti akamtazama mama mkubwa akifanya kazi. Seli zikijaa chupani hubanduliwa, kisha huvutwa na kusukumwa polepole kwa pipeti, kile kibomba chembamba cha kunyonyea maji, ili ziachane. Mama mkubwa alikuwa anasukuma kama anayepuliza dawa ya mbu.

"Mama," Daktari akasema, "hizo seli unagombana nazo?"

"Mimi sigombani na mtu."

"Mkono unagombana, mama. Ijumaa tunarudia. Chupa zisizo na dawa zikikutwa tena na protini, itabidi nikuhamishie kwenye kuosha vyombo. Si kwa ubaya."

Lilimkata maini. Aachane na wanawe, akasugue chupa tupu? Alijaribu kuvuta pumzi, akajaribu kuimba. Wapi! Akishika pipeti tu, inamjia sura ya mama yangu iliyofumba mdomo, na kidole gumba kinajikaza chenyewe. Alhamisi jioni akabisha hodi kwetu.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Hakuinua macho.

"Sijaja kwa ajili yako," mama mkubwa alianza. "Nimekuja kwa ajili ya seli zangu. Zinapasuka."

Mama akakunja shuka.

"Mkono wangu una hasira. Daktari ameuona. Wataniondoa."

Mama akakunja foronya. Foronya haihitaji kukunjwa hivyo, lakini aliikunja mpaka ikawa kama kitambaa cha mfukoni.

"Haya, nimekosa, mdogo wangu. La ndani nililitoa nje, mbele za watu. Nisamehe."

Nilitamani kupiga vigelegele, nikaogopa kofi. Mama aliweka foronya chini, akavua meno yake, ya juu na ya chini, akayatia kwenye glasi ya maji mbele ya dada yake. Kisha akacheka, ufizi mtupu. "Haya, yatazame mpaka uchoke." Mama mkubwa alicheka hadi akajifuta machozi kwa lile shuka lililokwisha kukunjwa.

Ijumaa mkono ulikuwa laini. Majibu yalipotoka, Daktari hajamaliza hata kuyasoma, mama mkubwa yuko mlangoni kwetu.

"Safi! Chupa zisizo na dawa ni safi! Nabaki na wanangu!"

"Na zilizotiwa dawa?" mama akauliza. Siku hizi akiwa na dada yake hukaa bila meno, raha mustarehe.

"Zimekufa, lakini kwa adabu. Zimefunga virago, hakuna yowe."

"Na mimi siku yangu ikifika, niende hivyohivyo," mama akasema.

"Utanikuta. Mimi ndiye mkubwa, natangulia. Wewe ndiye jirani utakayenizoa kimyakimya."

Mama alinyoosha mkono kwenye glasi, akavaa meno yake, ya juu na ya chini, ili neno litoke likiwa kamili.

"Nani kakupa ruhusa?"